Seti ya pili iwe mashua, si manowari

Mtu aliyemaliza meli yake ya kwanza ya mfano, zile zinazouzwa kama vipande vya mbao ndani ya boksi pamoja na michoro na kamba, hukabiliwa na swali moja: sasa ifuate ipi? Mara nyingi jibu humjia kabla hajafikiri, kwa kuwa limechorwa juu ya boksi. Ni HMS Victory yenye madaraja matatu ya mizinga, au Vasa ya Sweden iliyojaa nakshi, au Cutty Sark iliyotandaza matanga yote. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba jibu hilo halimfai mtu wa seti ya pili. Meli hizo ni kazi kubwa za binadamu na zinastahili kuundwa. Lakini anayetoka kwenye seti ya kwanza bado hajashika jambo lililo msingi wa ufundi wote huu, yaani namna ubavu uliopinda unavyopatikana kutokana na mbao zilizonyooka, na kwa somo hilo manowari ni mwalimu mbaya kuliko wote. Seti ya pili iwe mashua: ndogo, ya wazi, isiyo na sitaha au yenye sitaha fupi, yenye mlingoti mmoja au miwili, na kwa skeli kubwa kadiri meza itakavyoruhusu.

Kwa asiyeijua kazi hii, maelezo machache yanahitajika. Seti hutengenezwa zaidi na kampuni za Ulaya na Marekani: OcCre na Artesanía Latina za Hispania, Amati, Corel na Mantua za Italia, Billing Boats ya Denmark, Caldercraft na Vanguard Models za Uingereza, Model Shipways ya Marekani. Nyingi kati ya seti hizo hujengwa kwa namna moja. Kuna ubao mmoja mpana unaosimama badala ya mkuku, na juu yake hupachikwa viunzi vilivyokatwa tayari, kila kimoja kikiwa na umbo la chombo mahali pake. Juu ya viunzi hivyo hubandikwa vipande virefu vyembamba vya mbao hadi ubavu wote ufunikwe. Ndipo hufuata sitaha, milingoti, kamba na matanga. Seti ya kwanza ya wengi hukamilika kwa gundi nyingi, puti nyingi na msasa mwingi, na hakuna aibu katika hilo. Linalobaki kuamuliwa ni kama makosa yale yatarudiwa kwa ukubwa zaidi, au yatafahamika yalikotoka.

Kiini cha jambo chote kiko kwenye mbao za ubavuni, na ni hesabu rahisi ambayo picha ya boksi haiionyeshi. Chukua chombo chenye ubavu wa mviringo. Katikati, pale kinapotanuka, tuseme kutoka ukingo wa juu hadi mkukuni ni sentimita 10, na vipande ulivyopewa vina upana wa milimita 5. Utahitaji vipande 20 kufunika upande mmoja. Ukifika kwenye omo, chombo kimesinyaa na umbali huo sasa ni sentimita 6. Pale panatosha vipande 12 tu vya upana uleule. Vile vinane viende wapi? Anayeunda kwa mara ya kwanza huviacha viende vinakotaka: vinapandana, vinakatwa katikati ya njia, vinachomekwa kabari za pembetatu, na mwisho wake puti inafunika aibu. Mwenye kujua hupima kwanza, akagawanya, akakuta kwamba kila kipande kinapaswa kupunguzwa taratibu kutoka milimita 5 katikati hadi milimita 3 kwenye omo. Vipande vyote 20 hufika mbele vikiwa vimelala kwa utulivu, kila kimoja kikifuata mwenzake, kama zilivyo mbao za chombo cha kweli.

Hilo ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kwamba ubao hukubali kupindwa upande wa bapa lake na hukataa kupindwa upande wa ukingo wake. Ukiulazimisha, ukingo mmoja huinuka na kuacha ngazi ndogo ambayo msasa hauwezi kuiondoa bila kuutoboa ubao. Kwa hiyo ubao hulowekwa, hupashwa moto, hupindwa kidogo kidogo na kuachwa ukauke katika umbo lake kabla haujaonja gundi. Ubao wa kwanza kabisa, ule unaokaa pembeni mwa mkuku, ndio unaoamua hatima ya wote: ukiuacha upande juu sana kwenye omo, kila ubao utakaoufuata utasukumwa kwenda pabaya, na kosa litajitokeza siku nyingi baadaye karibu na ukingo wa juu, mahali ambapo halikuzaliwa. Maarifa haya hayapatikani kwa kusoma maelekezo. Yanapatikana kwa kufunika ubavu mmoja, kuona ulipokosea, na kufunika mwingine muda si mrefu baadaye, wakati mkono bado unakumbuka.

Sasa tazama kinachotokea kwenye manowari. Seti nyingi za meli kubwa hutumia tabaka mbili za mbao. Tabaka la kwanza ni la mbao laini, na maelekezo yenyewe humwambia mjenzi asijali mapengo, ajaze puti na kupiga msasa, kwa kuwa litafunikwa na tabaka la pili la mbao nyembamba. Tabaka la pili nalo, chini ya mstari wa maji, mara nyingi hufunikwa kwa rangi au kwa vipande vya shaba. Ndani hakuonekani kitu, kwa sababu sitaha imefunika. Kosa la mbao za ubavuni limezikwa mara tatu. Mjenzi hujikuta amemaliza ubavu bila kujua kama ameufahamu, na mbele yake kuna kazi ya aina nyingine kabisa.

Kazi hiyo nyingine ni marudio. Victory iliyopigana Trafalgar mwaka 1805 ilibeba mizinga 104. Kila mzinga unaoonekana unataka gari lake lenye mbao mbili za pembeni, ekseli mbili, magurudumu manne, na kamba za kuuvuta na kuuzuia. Gari la kwanza litakufundisha kitu, la tatu litakuonyesha njia ya mkato, na kuanzia la kumi unapimwa subira tu. Kamba za meli halisi hutajwa kuwa na urefu wa takriban kilomita 42. Ukizipunguza mara 72, ambayo ni skeli ya Victory ya Caldercraft, unabaki na zaidi ya mita 500, na hata seti ikiacha sehemu kubwa ya kamba hizo, bado ni kazi ya miezi mingi ya fundo moja linalorudiwa. Subira ni sifa njema. Lakini mtu wa seti ya pili hajapungukiwa na subira, maana asingemaliza ya kwanza. Amepungukiwa na jicho la kuona mkunjo wa ubavu, na saa zake nyingi zitatumika mahali ambapo jicho hilo halihitajiki.

Skeli nayo ina neno lake. Corel ya Italia huuza Victory kwa skeli ya 1:98. Katika kipimo hicho baharia wa mita 1.75 hafiki sentimita 2, na kamba yenye unene wa sentimita 2 inakuwa uzi wa milimita 0.2. Vidole vinafanya kazi kwenye mpaka wa uwezo wao, na vitu vingi ambavyo kwenye meli vilikuwa vya mbao vinabadilishwa kuwa vya chuma cha kumimina kwa sababu mbao haziwezi kuchongwa hivyo. Kwa skeli ya 1:16, baharia yuleyule ana sentimita 11. Makasia yana umbo la makasia. Mataruma yana unene unaoshikika, na unaweza kuuliza kwa nini taruma hili limekaa hapa, ukapata jibu kwa kulitazama. Watu hudhani meli kubwa ndiyo itawapa maelezo mengi zaidi ya kuunda. Kwa ukubwa uleule wa meza, chombo kidogo ndicho kinachotoa nafasi ya maelezo kufanywa sawasawa.

Wanaodhani kwamba heshima ya mfano wa meli imo katika milingoti na matanga wangefaidika kutazama mifano iliyotengenezwa Uingereza kuanzia katikati ya karne ya 17 na kuendelea hadi karne ya 18 kwa ajili ya wakuu wa jeshi la majini. Mingi iko katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, na mkusanyo mwingine mashuhuri uko Annapolis, Marekani, katika chuo cha wanamaji. Mingi ilitengenezwa kwa skeli ya 1:48. Sehemu ya chini ya ubavu iliachwa bila mbao kwa makusudi ili mataruma yaonekane, na mingi haikuwa na milingoti wala kamba hata kidogo. Watu waliokuwa na fedha za taifa zima mkononi, na mafundi bora wa zama zao, walipotaka kuona meli walitaka kuona mwili wake. Hata leo wajenzi wakomavu huirudia mifano hiyo, na sijui ushahidi ulio bora zaidi wa mahali ambapo macho ya mjenzi yanapaswa kuelekea.

Pwani yetu ina ushahidi wake pia. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari na kusafiri kutoka visiwa vya Lamu kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika karne ya 20, na hakuna mtepe wa zamani uliobaki mzima. Tunachojua juu yake tunakijua kwa picha, kwa maandishi ya watafiti kama James Hornell, na kwa mifano midogo iliyohifadhiwa makumbusho. Mtepe ulioundwa upya na kuonyeshwa Beit el-Ajaib, Unguja, usingewezekana bila kumbukumbu za namna hiyo. Mfano wa mtepe una faida kwetu kwa sababu aliyeuchonga alijali mbao zilivyoungana na mshono ulivyopita. Angejali nakshi na bendera peke yake, leo tungekuwa na pambo tu la kuweka kabatini.

Kuna jambo jingine la pwani linalogusa uchaguzi wa seti moja kwa moja. Mafundi wa majahazi kwa desturi huweka mkuku, wakapandisha mbao za chini kwa kuzilinganisha kwa jicho, na mataruma hufuata baadaye, yakichongwa kuufuata ubavu uliokwisha kupatikana. Seti za kawaida hufanya kinyume: kiunzi kwanza, mbao baadaye. Lakini mashua za Skandinavia, zenye mbao zinazopandana kingo, hujengwa kwa mantiki ileile ya kwetu, ubavu kwanza. Model Shipways ina mfululizo wa seti tatu uliobuniwa na David Antscherl kwa ajili ya wanaojifunza, na ya kati ni mashua ya Kinorwe kwa skeli ya 1:12 iliyo na mbao za namna hiyo. Inatanguliwa na dori ya Lowell, mashua ya wavuvi wa Amerika ya Kaskazini, kwa skeli ya 1:24, na inafuatiwa na mashua ya kuvulia kambakoche ya Muscongus Bay, Maine, pia kwa 1:24, yenye sitaha kiasi na tanga. Ninaupendekeza mfululizo huu bila kusita. Kila chombo kinafundisha namna moja ya kufunika ubavu, hakuna mzinga, na kila kinachoundwa kinabaki kuonekana.

Kwa mtu anayetaka historia nzito, jibu ninalolipenda zaidi ni mashua ya Bounty. Tarehe 28 Aprili 1789 mabaharia wa meli ya Bounty waliasi karibu na Tofua, katika visiwa vya Tonga, wakamshusha nahodha William Bligh na watu 18 katika mashua ya futi 23, yaani mita 7, yenye upana wa mita 2 hivi. Mmoja aliuawa Tofua. Waliobaki walisafiri zaidi ya maili 3,600 za baharini, takriban kilomita 6,700, hadi Kupang katika kisiwa cha Timor, wakafika tarehe 14 Juni. Model Shipways huuza mashua hiyo kwa skeli ya 1:16, na inapokamilika ina urefu wa sentimita 44 hivi. Anayeiunda anaweka mikononi mwake kila kiti walichokalia wale watu, na anapomaliza kupanga viti hivyo hahitaji kusimuliwa jinsi walivyobanana. Victory ina hadithi kubwa, lakini hadithi hiyo haiingii katika mfano kwa namna hii. Na si mashua hiyo peke yake. Mwaka 1916 Ernest Shackleton na wenzake watano walivuka bahari ya kusini kwa mashua James Caird kutoka Elephant Island hadi South Georgia, maili zipatazo 800 za baharini, na mashua yenyewe ingalipo London, katika shule ya Dulwich College. Bahari imetoa hadithi zake nzito kwa vyombo vidogo mara nyingi kuliko watengeneza maboksi wanavyotuonyesha.

Historia inadai pia ukweli wa michoro, na hapa meli mashuhuri huwa na udhaifu ambao mnunuzi hauoni. Hakuna mchoro wa Santa María ya Columbus uliobaki; kila seti yenye jina hilo ni makisio ya mtu. Mayflower ni vivyo hivyo: William Baker alipobuni Mayflower II iliyoundwa mwaka 1957, ilimbidi ategemee utafiti juu ya meli nyingine za zama zile. Kuhusu San Felipe ya 1690, mojawapo ya manowari zinazopendwa sana madukani, wachunguzi wamehoji kama chombo cha namna ile kiliwahi kuwapo kabisa. Mtu anaweza kuunda makisio kwa furaha, mradi ajue kuwa ni makisio. Lakini anayejifunza umbo anahitaji umbo la kweli, na mashua za kazi, za wavuvi na za meli za kivita, zimechorwa na kupimwa kwa uangalifu mkubwa, nyingine zikiwa bado zipo ili zipimwe tena. Kabla ya kulipa, tafuta michoro ya seti uitazame. Ikiwa inaonyesha kila kiunzi, mpangilio wa mbao, na chombo kimetazamwa kutoka juu, ubavuni na mbele, nunua. Ikiwa unaonyeshwa picha tu za meli iliyokamilika, hujui unanunua nini.

Mfano mmoja wa chombo cha kazi una jina litakalomshangaza Mwafrika. Mwaka 1879, huko Lossiemouth, Scotland, William Campbell aliunda mashua ya uvuvi iliyochanganya omo wima ya aina moja ya mashua za huko na tezi iliyolala ya aina nyingine. Wakati huo vita vya Waingereza na Wazulu vilikuwa katika kila gazeti, na mashua za namna hiyo zikaitwa Zulu. Zilikuwa za kasi, zenye tanga kubwa kwenye mlingoti wa mbele na dogo nyuma, na kamba chache kwa sababu mlingoti mnene ulijitegemea. Moja, Research, imehifadhiwa katika makumbusho ya uvuvi ya Anstruther. Vanguard Models huuza seti ya Zulu kwa jina la Lady Isabella, kwa skeli ya 1:64. Ina sitaha, kwa hiyo inakiuka sharti langu, na skeli yake ni ndogo kuliko ninavyopenda. Hata hivyo mkunjo wa tezi yake ni darasa kamili la mbao za ubavuni, na anayetamani kuona matanga atayapata bila kufungwa mwaka mzima kwenye mafundo. Jina lenyewe linanitia uchungu kidogo, kwa kuwa vita vile viliuvunja ufalme wa watu. Nadhani anayeiunda Afrika anapaswa kulijua hilo pamoja na vipimo.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni la mapenzi. Kazi ya miezi au miaka haimalizwi kwa hesabu. Humalizwa na mtu anayeipenda meli anayoiunda. Anayeiota Victory tangu utotoni akipewa mashua ya wavuvi ataiacha mezani ikusanye vumbi. Nakubali kwamba mapenzi ndiyo yanayomaliza kazi, lakini tuangalie yanapenda nini hasa. Yanapenda meli ya karne ya 18, Trafalgar, mwaloni na lami. Meli hizo zilibeba mashua, na bila mashua hizo hazikupata maji, nanga wala watu. Chuck Passaro alibuni kwa Model Shipways mashua ya karne ya 18 kwa skeli ya 1:48, chombo kinachokaa kiganjani, chenye mlingoti mmoja. Zipo pia seti za kipande cha katikati cha Victory peke yake, zinazoonyesha madaraja, mataruma na mizinga michache ubavu kwa ubavu. Mpenzi wa Victory anaweza kubaki ndani ya ulimwengu wake na bado akajifunza. Lisilotakiwa ni mapenzi yapimwe kwa idadi ya milingoti.

La pili ni la fedha. Inasemwa kwamba seti kubwa ina thamani zaidi kwa kuwa inatoa saa nyingi za kazi kwa kila shilingi. Hesabu hiyo inakuwa kweli ikiwa tu meli itamalizika. Na kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kuna usafirishaji na ushuru, vinavyopanda pamoja na bei na uzito wa boksi. Ukikosea ubao wa mashua ya sentimita 44, unaweza kukata mwingine kutoka kwenye ubao mwembamba wowote ulio safi. Ukikosea ubavu wa Victory wenye urefu wa karibu mita moja, huna pa kwenda. Niongeze neno moja juu ya seti za bei ya chini ajabu zinazouzwa mtandaoni, zilizonakiliwa kutoka kazi za wabunifu bila idhini yao. Nazipinga kwa sababu mbunifu wa seti anaishi kwa michoro yake, na soko hili ni dogo mno kuvumilia wizi.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wajuzi, nalo ni la kweli: mashua ya wazi si rahisi. Haina sitaha ya kuficha, mbao zake ni tabaka moja, na ndani yake panaonekana sawa na nje. Tone la gundi lililochuruzika litaonekana. Ndiyo maana hasa naipendekeza. Ugumu wake uko mahali panapofaa na ukubwa wake unavumilika. Unaweza kuharibu ubavu mzima, ukaung'oa kwa maji ya moto au spiriti kulingana na gundi uliyotumia, na kuanza tena bila kupoteza msimu. Mtu asiyetaka kuona makosa yake katika seti ya pili atayakuta katika ya tano.

La nne linauliza kwa nini kununua seti kabisa, hasa katika nchi zenye mafundi na mbao. Hapa nakubaliana karibu kabisa, isipokuwa kwa wakati wake. Ukishaunda mashua mbili au tatu kutoka kwenye seti, una vielelezo vya viunzi unavyoweza kuvinakili kwa matumizi yako, una jicho, na mpaka kati ya seti na kuunda mwenyewe umefifia. Wakati huo ndipo mbao zetu zinaingia. Mvule una nyuzi pana mno kwa skeli ndogo, kwani vinyweleo vyake vitaonekana kama mashimo. Mpingo una nyuzi zilizoshikana sana, unang'aa wenyewe bila vanishi, na unafaa kwa vitu vidogo vinavyotakiwa kuwa vyeusi, ingawa humaliza makali ya patasi upesi. Seti za vyombo vya bahari yetu ni chache mno; Artesanía Latina imewahi kuuza jahazi la Kiarabu kwa jina la Sultan, na mtepe au ngalawa atavipata yule atakayevipima na kuvichora mwenyewe. Ujuzi wa kufanya hivyo, kupima ubavu, kugawanya mbao, kufuata mkunjo, ndio ule ambao manowari haiutoi na mashua inautoa.

Kwa hiyo, kwa aliyemaliza seti ya kwanza yenye sitaha na milingoti, ningemwelekeza kwenye dori ya Lowell ikiwa ubavu ulimshinda kabisa, kwenye mashua ya Bounty ikiwa ubavu ulimshinda nusu, na kwenye Zulu ikiwa anaamini ubavu haukumshinda na angependa kuhakikisha. Kwa mashua ya Bounty asitie rangi ndani. Aache mataruma yaonekane na mbao zibaki na rangi yake. Kuhusu Victory, haikimbii. Seti zake zimekuwa sokoni kwa miongo mingi, na meli yenyewe iko Portsmouth, ambako tangu 2022 iko katika ukarabati utakaoendelea hadi muongo ujao. Mafundi wanaondoa mbao za ubavuni zilizooza na kuweka mpya za mwaloni, ubao mmoja baada ya mwingine, na kila ubao unapimwa na kuchongwa kulingana na nafasi yake, hakuna unaofanana na mwenzake.